Kilichodumisha milango ya zamani si nakshi

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila ikiandikwa habari ya milango ya Mji Mkongwe Unguja inawekwa picha ya nakshi, samaki, mtende, mnyororo uliochongwa pembeni, halafu basi, habari imeisha. Mimi ni seremala, nakshi naipenda sana tu, lakini kazi yenyewe iko nyuma ya mlango ambako hakuna mtu anayechungulia.

Hebu fikirieni fundi wa enzi za Mwingereza, kuanzia 1890 pale Unguja ilipowekwa chini yao, awe Mswahili au Mhindi, mashine hana. Gogo linapasuliwa kwa msumeno mrefu, mmoja kasimama juu mwenzie yuko chini shimoni anakula unga wa mbao kutwa nzima, ndo baadae zinakuja tezo, randa na patasi, na kutoboa ni kwa keekee ile inayozungushwa kwa uta, yaani unavuta kama mpiga zeze. Mbao ni msaji, yaani mtiki, uliokuja na majahazi toka India, au mvule, au mfenesi wa hapahapa kisiwani.

Sasa angalieni mlango ulivyoshikana. Miimo, yaani nguzo za pembeni, na kizingiti vimeunganishwa kwa ulimi unaoingia kwenye tundu lake. Bawaba hakuna! Kila ubawa, yaani kipande kimoja cha mlango kinachofunguka, umeachiwa kijino juu na chini kinachozunguka kwenye tundu, kwahiyo uzito wote unashuka chini kwenye kizingiti badala ya kuning'inia pembeni kwenye skrubu. Halafu ule mfaa, mti uliosimama katikati, watu wanadhani ni pambo, kumbe ndo unaoziba mwanya kati ya mbawa mbili. Na zile njumu za shaba, vile vichwa vya misumari vilivyochongoka, wageni wanaambiwa ni za kuzuia tembo, haya, India sawa, Unguja tembo wametokea wapi jamani?

Waliounda majahazi walikua na akili hiyohiyo. Taruma, yaani ubavu wa chombo, halikatwi kwenye ubao ulionyooka, fundi anaingia msituni anatafuta tawi lililopinda lenyewe kwasababu nyuzi za mti zinafuata ule mpindo, ukilazimisha kukata duara kwenye ubao ulionyooka nyuzi zinakatika na siku ya wimbi kubwa linavunjika hapohapo. Mianya wanaziba kwa pamba, kazi ya kalafati hiyo, mbao zinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, basi.

Kilichonifanya niandike ni mlango mmoja niliitwa kuutazama, tayari kuna mtu kaushughulikia kabla yangu. Vijino vimekatwa vyote, zimetiwa bawaba mpya za dukani, ubao mmoja wa msaji umetolewa ukawekwa mbichi ambao ulivyokauka ukajikunja, juu yake vanishi inang'aa mpaka unajiona sura. Ubawa umelala, unakwaruza sakafu. Mwenye nyumba analalamika mlango wa zamani umechoka, wakati kilichochoka ni zile skrubu.

Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, kwahiyo ombi langu kwa wanaotoa vibali vya ukarabati ni dogo tu: msikague mlango kwa mbele peke yake. Fundi aufungue, mpite nyuma, muangalie vijino vipo au havipo ndo msaini.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi seremala, Unguja