Risala ya Wanachama wa Klabu ya Bahari kwa Mgeni Rasmi: Matumbawe ya Kina Kirefu na Uchimbaji wa Mafuta

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwalimu mkuu na walimu wetu wapendwa,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Bahari tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kuwa nasi katika siku hii ya maonyesho. Karibu sana. Furaha yetu ni kubwa zaidi kwa sababu wewe ni mjumbe wa kamati inayopitia maombi ya leseni za kuchimba mafuta na gesi baharini, na tulichojifunza mwaka huu kinaihusu kazi yako moja kwa moja.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mtu akisikia matumbawe, hufikiria maji mafupi yenye jua na joto. Haya tunayoyasemea leo yanaishi gizani na kwenye baridi, kuanzia mita 200 hivi kwenda chini, mengine kupita mita 1,000. Hayana mwani wa kuyatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kazi yao ni kukunjua mikono midogo na kungoja chembe zinazodondoka kutoka juu au kuletwa na mkondo. Chakula cha kungojea hakinenepeshi haraka. Lophelia, tumbawe linalojenga miamba mingi ya kina kirefu, hurefuka milimita chache kwa mwaka, na likistawi sana hufika kama 25. Tumbawe jeusi moja la karibu na Hawaii lilipopimwa lilikutwa na umri wa zaidi ya miaka 4,000. Nao mwamba wa Røst nchini Norway, wenye urefu unaozidi kilomita 35, uligunduliwa mwaka 2002 tu. Kitu kikubwa kiasi hicho kilikuwepo muda wote, na ramani hazikukijua.

Uchimbaji unayadhuru vipi? Nanga na minyororo huyavunja, hilo halihitaji maelezo. Madhara ya kimyakimya yanatokana na matope ya kuchimbia. Keke inapokata mawe yaliyo chini ya sakafu ya bahari, matope hayo hushushwa kisimani kuipoza na kuzitoa chenga, tena huchanganywa na baraiti, madini mazito, ili kulizuia shinikizo linalotoka chini ya ardhi. Chenga na mabaki ya matope yakimwagwa baharini, hushuka kama vumbi. Mnyama anayeishi kwa kunasa chembe hawezi kulikimbia vumbi hilo. Hutoa ute ili ajisafishe, na ute huo unamgharimu nguvu aliyoipata kwa shida. Likizidi, hufukiwa.

Halafu kuna ajali. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Wafanyakazi 11 walipoteza maisha, nasi tunawakumbuka kwa heshima kabla ya kutaja tumbawe lolote. Mafuta yalimwagika kwa siku 87. Sehemu yake haikupanda juu, ilisafiri chini kwa chini kama wingu. Novemba mwaka huohuo watafiti walishusha chombo kilometa 11 kutoka kisimani, kina cha takriban mita 1,370, wakakuta matumbawe yamefunikwa na uchafu wa kahawia mfano wa pamba chafu. Ulipopimwa, ulikutwa na mafuta ya kisima kilekile.

Picha za pale tumezibandika kwenye ubao wa tatu, na tunaomba usipite bila kuzitazama. Katika mojawapo kuna jamaa wa kiti cha pweza, mwenye mikono myembamba, amejikaza kwenye tawi kwa nguvu zote. Miaka iliyofuata watafiti waligundua kuwa sehemu za tumbawe zilizokuwa karibu na mnyama huyo zilipona vizuri kuliko zilizokuwa mbali naye. Picha hiyo ndiyo iliyotufanya wengi wetu tusiache kuhudhuria vikao vya klabu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukuja kusema mafuta yasichimbwe popote. Tunaomba kuangalia kutangulie kuchimba. Kabla kitalu, yaani eneo la kuchimbia, hakijatolewa, sakafu ya bahari ipigwe picha kwa chombo chenye kamera, na picha hizo ziwe wazi kwa wote. Bila picha za awali, baada ya ajali hakuna wa kusema kwa uhakika kilichopotea.

Tunaomba pia umbali. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009 unataka sehemu ya kumwagia mabaki ya uchimbaji iwe angalau mita 610 kutoka kwenye jamii kubwa za viumbe wa kina kirefu. Wanasayansi waliochambua suala hili mwaka 2016 walipendekeza kilomita 2. Sisi tunasimama na hao wa kilomita 2, na penye mwamba, chenga zibebwe zikamwagwe kwingine. Lakini tukumbuke zile kilomita 11. Umbali unasaidia dhidi ya vumbi la kila siku, hauzuii kisima kilicholipuka. Kwa hiyo penye miamba mikubwa leseni isitolewe kabisa.

Tunajua utaambiwa kuwa Lophelia huota hata kwenye nguzo za mitambo ya Bahari ya Kaskazini. Ni kweli, huota. Ila hayo ni machipukizi ya miongo michache, hayalipi mwamba wa maelfu ya miaka uliofukiwa.

Changamoto yetu kubwa ni kwamba hatuna njia ya kumwonyesha mtu tumbawe hili likiwa hai. Tumefinyanga moja kwa udongo, lenye urefu wa sentimita 50, na pembeni tumeandika mwaka ambao kila sentimita ingeota. Tunaomba ulipokee, likae mezani pale kamati yako inapokutana.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Bahari