Zege la jamvi, nyumba ya mama Ujiji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Msingi umefika usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege. Naomba tumwage zege Jumamosi ya wiki ijayo kabla mvua hazijakolea.

Jamvi ni mita 10 kwa 8, unene sentimita 10, yaani zege mita za ujazo 8. Kwa kipimo cha 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) itakwenda saruji mifuko 52 hivi, tununue 55.

Mafundi wawili wametoa bei. Wa kwanza ana nafuu, lakini anataka hela yote kabla hajashika mwiko. Mimi nampendelea wa pili. Alinipeleka Mwanga, hapa hapa Kigoma, kuona jamvi alilomwaga mwaka jana. Nimelikwaruza kwa ufunguo, halitoi vumbi, na ufa sikuuona. Tumlipe kwa awamu, na tuandikishane mbele ya mjumbe.

Mchanga ulioletwa jana urudishwe. Nimeusugua kiganjani umeacha tope.

Jamvi likishamwagwa, limwagiliwe maji asubuhi na jioni siku 7. Mama asibebe hata ndoo moja, tafadhali. Nani atalala pale alimwagilie?

Michango inifikie Alhamisi.