Bei ya promo na bei ya safari nzima: vile tunapigaka hesabu na wateja wetu

Bamama na bapapa, wandugu wa hapa Lubumbashi na wale wa Likasi na Kolwezi wenye munatuandikiaka usiku na mchana, leo nataka tuongee juu ya bei. Kila juma mutu anaingia kwa ajansi yetu ya safari na simu mukononi, anatuonyesha picha ya promo (tangazo la safari ya bei ndogo) yenye alitumiwa na rafiki, anasema mimi nataka hii hapa, makuta niko nayo, muniandikie. Na sisi tunamuambia kaa kwanza, tusome pamoja. Wengine wanaona kama tunawachelewesha ao tunatafuta njia ya kupandisha bei, lakini hapana, ile bei ya kwa picha ni ya kweli, ila ni bei ya kitu kimoja na safari iko na vitu kumi.

Mwezi uliopita alikuja mama moja mwenye anauzisha nguo kwa soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, siyo inchi. Promo yake ilikuwa Dubai, siku 6 usiku 5, «kuanzia dola 990», ndege na hoteli ndani. Alikuwa amekusanya 1200, akajua ile 210 ya juu itamutosha ya kula na kutembea. Tulitoa karatasi na biki, tukaanza.

Neno la kwanza ni lile «kuanzia». Maana yake kuko tarehe fulani na viti fulani vya ndege vyenye viko kwa ile bei, vikiisha bei inapanda, na kama unataka kuenda kipindi cha likizo ao karibu na sikukuu usitegemee kuvikuta. Bahati yake tarehe zake zilikuwa nzuri, 990 ikabakia 990. Neno la pili liliandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa: kila mutu, wawili kwa chumba kimoja. Yeye anaenda peke yake. Hoteli haikatake chumba nusu, kwa hiyo mutu peke yake analipa na ile sehemu ya mwenzake mwenye hayuko, na kwa ile hoteli ilikuwa dola 38 kwa usiku, mara 5, inafanya 190. Mama alinyamaza kidogo akasema endelea.

Viza haikukuwa ndani, tukaandika 110. Kisha kuko ile taxe ya hoteli ya Dubai, yenye inalipwa pale pale kwa hoteli, haimo kwa bei ya promo karibu hata siku moja: ni dirhamu 7 mpaka 20 kwa chumba kwa usiku, inategemea nyota za hoteli. Yake ilikuwa ya nyota 3, ni dirhamu 10, usiku 5 ni 50, na sababu dola moja ni dirhamu 3.67 (ile haibadilikake, wameifunga na dola tangu miaka mingi) tukaandika dola 14. Go-Pass, ile taxe unalipa kwa Luano, uwanja wetu wa ndege wa hapa Lubumbashi, siku ile tuliandika 55. Huyu Go-Pass tunamujua sisi wote tangu 2009, lakini kila mara kuko mutu anafika Luano na makuta yote iko kwa simu ao imeisha, anaanza kupigia ndugu simu pale mbele ya guishe. Taksi ya kutoka uwanja wa Dubai mpaka hoteli na kurudi, 40. Chakula: promo iliandika BB, ile ni kulala na chai ya asubuhi basi, mchana na jioni unajitafutia, tukaweka 20 kwa siku kwa siku 5, ni 100. (Ukiona HB ni chai na chakula kimoja, mara mingi cha jioni, FB ni vyakula vyote vitatu, RO ni chumba peke yake hata chai hakuna.)

Kisha bagaji, na hapo ndipo safari ya mama wa biashara inavunjikiaka. Tike yake iliandika 2PC. PC ni kipande, siyo kilo, kwa hiyo ni valizi 2, kila moja kilo 23, jumla 46, na huwezi kutia 30 kwa moja na 16 kwa ingine ukasema si ni ile ile, wanapima kila moja peke yake. Tike ingine inaandika 30K, ile ni kilo 30 yote pamoja, gawanya vile unataka lakini ndege nyingine hazipokee mufuko wa zaidi ya kilo 32 hata uwe umelipa. Nikamuuliza mama, unaleta nguo kilo ngapi? Akasema labda 65, labda 70. Basi valizi ya tatu, tukaweka 150, na ile ni bei ya kulipa mbele, ukingojea kulipa pale uwanja inaweza kupanda sana.

Tukajumlisha: 990, 190, 110, 14, 55, 40, 100, 150. Inafanya 1649. Yeye alikuwa na 1200, na ndani yake hakuna hata dola moja ya kununua zile nguo zenyewe. Hakuna mutu alimudanganya. Hesabu ndiyo haikufanywa.

Watu wengine wanatuuliza sasa sisi tunakula wapi. Ni swali nzuri na jibu liko kwa ile ile karatasi, mustari wa mwisho chini ya ile jumla, kazi ya ajansi, dola 25 kwa tike moja, tunaiandika peke yake, hatuifiche ndani ya bei ya ndege. Ukipewa devi (karatasi ya hesabu ya bei) yenye iko na namba moja tu kubwa chini, omba wakugawanyie, iko haki yako.

Sasa nieleze kosa yangu mwenyewe sababu ndiyo ilitufundisha kuuliza maswali mingi. Miaka iliyopita papa moja alikuja, mutoto wake anaenda kupasuliwa India, wanaenda wawili. Kulikuwa aina mbili za tike za ndege ile ile, siku ile ile, kiti cha namna ile ile: moja 880 kwa mutu, ingine 1040. Nikamuchagulia ya 880 nikijua namusaidia, dola 160 kwa mutu, 320 kwa wawili, kwa mutu mwenye anaenda kulipa hospitali ni makuta mingi. Sikumusomea masharti. Ile ya 880 kubadilisha tarehe ni penalite 150, ile ya 1040 kubadilisha ni bure. Munganga akaomba mutoto abakie siku 12 zaidi. Papa akanipigia simu, tukabadilisha, penalite 150 kwa kila mutu, na juu yake kuko kitu chenye watu wengi hawajue: hata ukilipa penalite unalipa tena tofauti ya bei kama ile siku mupya viti vya bei yako vimeisha, ilikuwa 130 kwa mutu. Inafanya 560 kwa wawili. Alikuwa ameokoa 320, akalipa 560, na alilipa akiwa mbali, mutoto kitandani, akiniamini. Mutoto alipona, Mungu asifiwe, lakini ile simu mimi sijaisahau. Tangu pale mutu akisema anaenda kwa matibabu hatumuuzishie tike ya kufungwa (ile yenye kubadilisha tarehe inaomba penalite) mbele hatujasoma naye ule ukurasa wa penalite neno kwa neno, na kama ni kwa mukutano ao ndoa yenye tarehe haiwezi kusogea, hapo sawa, chukua ya bei ndogo.

Kitu kingine ni saa, na hii inaumiza sisi wenye tunaongea Swahili zaidi ya wengine. Tike inaandika 00:40 tarehe 15. Kwetu ile ni saa sita na dakika arobaini ya usiku, na mutu anafikiri usiku wa tarehe 15, kwa hiyo analala tarehe 14 muzuri kabisa, anaamuka tarehe 15 anaanza kufunga valizi na ndege ilishaenda. 00:40 tarehe 15 ni ule usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa uwanja unafika tarehe 14 jioni! Ndege za kurudi kutoka kule Dubai nyingi ni za usiku mukubwa hivyo, na kwa hesabu inagusa pia hoteli: ukifika saa tisa ya usiku na hoteli inafungua vyumba saa nane ya mchana, ao unalipa usiku mumoja zaidi ao unakaa na mifuko pale chini. Siku hizi tunaandika kwa karatasi ya muteja «toka nyumbani tarehe 14, saa kumi na mbili ya jioni». Na ukiona +1 karibu na saa ya kufika, ni kesho yake. Saa zote za tike ni za ile fasi yenyewe, ndiyo maana ukitoka hapa saa 10:00 kwenda Kinshasa inaonekana kama ndege inaenda saa moja na kidogo tu, kumbe Kinshasa iko nyuma yetu saa moja.

Watoto: chini ya miaka 2 mutoto anakaa kwa magoti na mara mingi analipa kama asilimia 10 ya bei ya mukubwa, lakini akitimiza miaka 2 katikati ya safari, kurudi anaomba kiti chake. Tulete tarehe ya kuzaliwa kamili, siyo «ana mwaka na kitu».

Karte ya njano ya vaksini ya homa ya manjano, watu wanaisahau kwa hesabu sababu si ya ndege. Afrika Kusini wanaiomba kwa mutu mwenye anatoka Kongo, na vaksini inaanza kuhesabiwa siku 10 kisha sindano, kwa hiyo kuichoma siku mbili mbele ya safari haisaidie. Mwenye alishaichoma zamani asilipe tena, tangu 2016 ile karte inatumika maisha yote, hata kama kwa karte ya zamani waliandika miaka 10.

Na Ndola, kule Zambia. Kila juma mutu anatuambia kuenda kupandia ndege Ndola ni bei ndogo, na ni kweli mara mingi. Lakini tupige hesabu. Tuseme tike ya Ndola inashuka dola 140 kuliko ya Luano. Barabara mpaka Kasumbalesa, kuvuka, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe mpaka Ndola, tuseme 35 kuenda na 35 kurudi kwa mutu, na chumba cha kulala 40 sababu hauwezi kujaribu kufika siku ile ile na ile foleni ya makamio kwa mupaka. 140 toa 110, unabakia na dola 30, na kama mupaka umekwama unaweza kupoteza tike nzima. Kwa mutu moja mimi nasema hapana, toka Luano. Kwa jamaa ya watu 5 ni kitu kingine: 700 toa 350 ya barabara toa 80 ya vyumba viwili, inabakia 270, hapo inaanza kuwa na maana kama hamuna haraka na karatasi za safari za kila mutu ziko sawa.

Makuta: bei zetu ni za dola, ukilipa franka tunaandika taux ya siku ile (dola moja ni franka ngapi) na tarehe, na devi inaishi masaa 24 tu kwa upande wa ndege, kesho kiti kinaweza kuwa cha bei ingine na hiyo hatuna nguvu juu yake. Noti yenye imepasuka kidogo kwa pembe sisi pia banki inaturudishia, musikasirike.

Ukija, ao ukituandikia, tupe tarehe zako, mutaenda wangapi, safari ya nini, unarudi na mizigo kiasi gani, na picha ya pasipota tuone kama imebakia miezi 6 ao zaidi. Devi ni bure hata usiponunua kwetu.

Yule mama wa soko ya Kenya hakununua siku ile. Alikunja karatasi akaenda nayo. Alirudi kisha majuma matatu na dada yake mudogo wa Katuba, naye anauzisha viatu, wakalala chumba kimoja, ile 190 ikatoka, kila mutu akabakia kwa 1459, hata mbele ya kugawanya taksi na taxe ya chumba. Na kwa karatasi yake, chini ya namba zetu, alikuwa ameongeza mustari wake kwa biki ya rangi nyekundu: taksi ya kutoka Luano mpaka nyumbani, sababu kurudi na valizi tatu hakuna pikipiki yenye itakubeba na inaomba gari nzima. Sisi tulikuwa tumeandika taksi ya Dubai, ya hapa kwetu tukaisahau. Sasa ule mustari uko kwa devi yetu ya kila mutu.