Walituuliza tunasikiliza redio gani, mapipa yako wapi hawakuuliza

Mhariri,

Mimi gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile ripoti yenu kuhusu usafishaji wa taka zenye sumu kwenye kiwanda cha zamani, pale mlipoandika kwamba wakazi wameshirikishwa kikamilifu kwa sababu wamehojiwa na watu wa mradi nyumba kwa nyumba, nimeisoma mara tatu na nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni mmoja wa hao waliohojiwa, kwa hiyo naomba niwaeleze kuhojiwa kwenyewe kulikuwaje.

Alikuja kijana mmoja saa nne asubuhi, ana tableti mkononi, ana adabu zake, nikampa kiti. Akaniuliza umri wangu, nyumba ina watu wangapi, habari nazipata kwa redio au simu au kwa majirani, nataka taarifa kwa lugha gani, vikao viwe saa ngapi. Maswali mazuri tu, mradi lazima ujue utamfikiaje mtu. Nikayajibu yote. Halafu nikamwambia, mwanangu, andika na hili: marehemu baba alikuwa mlinzi wa usiku pale kiwandani, mimi nikiwa darasa la tano ndo nilikuwa nampelekea chakula, nimeona kwa macho yangu malori yakishusha mapipa kwenye kisima cha zamani nyuma ya bohari, kikajaa, kikafukiwa, na leo juu yake watoto wanacheza mpira. Nikatoka nje nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Mama, hilo halina sehemu ya kujaza hapa, wakija wataalamu utawaambia." Wataalamu hawakufika kwangu. Walichukua sampuli za udongo kule mbele kwenye mitaro na ofisi, wakaenda zao. Miezi saba baadaye eskaveta ikaja kuchimbia nguzo za uzio, ikatoboa pipa palepale nilipoonyesha, ikatoka harufu kali ya kukata pumzi, watoto wa jirani wakatapika, mimi macho yaliniwasha siku mbili, wafanyakazi waliovaa ovaroli nyeupe na barakoa wakakimbilia kwenye gari wakapandisha vioo, na sisi tumesimama pale tumeziba pua kwa nguo hatujui tukimbilie upande gani, upepo unatoka wapi, maji ya kisima chetu tunywe au tusinywe. Mpaka jioni hakuna aliyetuambia kitu. Na mimi nilishamwambia yule kijana kwamba huku watu wanategemea meseji za simu! Taarifa ilibandikwa kesho yake kwenye ubao ndani ya geti la mradi, geti ambalo sisi haturuhusiwi kupita.

Sasa niambieni hayo mahojiano yalikuwa ya kazi gani.

Maana hii kazi ina utaratibu wake, siyo hisani. Kule Marekani, chini ya ile sheria ya 1980 ya kusafisha maeneo yenye sumu, wanayoiita Superfund, kanuni zinataka watu wahojiwe kabla uchunguzi wa eneo haujaanza, viongozi wa pale, wakazi wa kawaida, na vikundi vya wananchi, kisha kutokana na waliyosema ndo uandikwe mpango wa namna ya kuwahabarisha na kuwasikiliza muda wote wa kazi. Njia ya kusafisha ikishapendekezwa, watu wanapewa siku zisizopungua 30 kutoa maoni, na wakiomba kwa wakati wanaongezwa. Sumu ikibaki ardhini, eneo linaangaliwa upya angalau kila baada ya miaka 5. Nayo hiyo sheria haikushuka kutoka mbinguni, ilitokana kwa sehemu kubwa na kelele za akina mama wa mtaa wa Love Canal, jimbo la New York, ambako kampuni ilizika tani kama 20,000 za kemikali halafu shule ikajengwa juu yake. Mwaka 1978 mama mmoja, Lois Gibbs, mtoto wake akiwa mgonjwa, alianza kugonga milango akiuliza nani anaumwa nini. Wakaweka alama kwenye ramani. Wazee wa pale wakaeleza mabonde ya maji ya zamani yaliyofukiwa yalipita wapi, na mwanasayansi Beverly Paigen alipofuatilia naye akaona wagonjwa wamejipanga kufuata mikondo hiyohiyo. Wakubwa wakaidharau kazi yao, wakasema hizo ni data za mama wa nyumbani. Mnaona? Waliojua sumu inapita wapi ni walewale waliokuwa wanaishi juu yake. Na hapa kwetu mtu anakuja mlangoni, anaambiwa bure kabisa, hana pa kuandika.

Na kuna hili la malori, ripoti yenu haikuligusa hata kidogo. Udongo unachimbwa, unapakiwa, unapita barabarani bila turubai, siku ya jua vumbi linaingia mpaka jikoni. Udongo wenye madini ya risasi hauna harufu, mtoto anashika chini anaweka mkono mdomoni, basi. Kumwagia maji udongo kabla ya kuuchimba, kufunika mzigo, kuosha matairi getini, hivi ni vitu vya kumshinda nani? Tena malori yanakwenda wapi? Nimeuliza kwenye kikao, nikajibiwa ni eneo maalumu. Hilo eneo maalumu lina watu jirani nalo, je, nao wamehojiwa? Kule India, sumu iliyobaki kwenye kiwanda cha Bhopal baada ya ile ajali ya gesi ya sumu ya 1984 iliyoua maelfu ilikaa miaka 40, halafu Januari 2025 zikahamishwa tani 337 kupelekwa mji mwingine, Pithampur, kuchomwa, na watu wa Pithampur wakaingia barabarani kupinga. Mtu akiletewa sumu mlangoni na hajaulizwa unategemea afanye nini? Mimi sitaki sumu yetu iende kwa mwenzangu usiku kama ilivyokuja kwetu usiku.

Nina ombi, na naomba mliandike kama nilivyolisema. Kila dodoso liwe na ukurasa mmoja mtupu na ramani ya eneo, mkazi aweke alama kwa mkono wake mwenyewe pale alipoona kitu. Wahojaji waje baada ya saa kumi jioni, maana asubuhi wanawakuta watu walewale na wapangaji wote wako kazini, na wapangaji ndo wengi hapa. Waanze na waliowahi kufanya kazi kiwandani na watoto wao. Ndani ya siku 14 mhojaji yuleyule, siyo mwingine, arudi kwenye nyumba ileile asome kwa sauti alichoandika, nami niseme ndiyo au hapana, halafu aniambie alama yangu imepelekwa kwa nani na imefanyiwa nini. Kabla hajarudi, eskaveta isiwashwe. Na namba ya dharura iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa nje, upande wetu.

Kile kisima mpaka leo kimefunikwa turubai tu na mawe juu. Mwandishi wenu akitaka kukiona namwonyesha mwenyewe, nikishatoka kazini nipo nyumbani.

Mkazi, nyuma ya uzio