Mhandisi apande mlima na wakazi kabla ya kuchora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mitaa yetu ya milimani hapa Mwanza: Mabatini, Igogo, Isamilo na mingine inayofanana nayo. Mipango ya kuiboresha tunaisikia, lakini mara nyingi inatufikia ikiwa imeshakamilika. Mwananchi anaitwa mkutanoni kusikiliza na kupiga makofi. Huko si kushirikishwa.

Mama anayeponda kokoto kule juu anajua jiwe lipi limekaa imara na lipi linaliwa udongo chini yake kila masika. Vijana wa mtaani wanajua maji yanapita wapi kabla ya kufika Mto Mirongo, na nyumba zipi za bondeni zinayapokea. Mfereji ukichorwa bila kuwauliza hao, maji yanarudi kwenye njia yake ya zamani, na njia hiyo leo imejaa vyumba vya watu.

Mfano mzuri tunao hapa hapa. Kwenye mwamba huwezi kuchimba choo kirefu, na gari la kunyonya majitaka halipandi huko. Ndiyo maana mfumo rahisi wa majitaka ulioletwa kupitia MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, ulitumia mabomba membamba, yaliyolazwa kwa kina kifupi kati ya nyumba na nyumba. Kazi ya namna hiyo haiendi mpaka mtu akubali bomba la jirani lipite uani kwake. Ridhaa hiyo mkandarasi hawezi kuinunua. Inatoka kwa watu wanaofahamiana na kuzikana.

Hanna Nassif, Dar es Salaam, nako kulikuwa kukifurika. Miaka ya 1990 wakazi wake walijenga mifereji na barabara za mtaa wao kwa msaada wa wataalamu, na walilipwa. Nasisitiza malipo. Si haki kumtaka muuza dagaa aache meza yake kutwa nzima akabebe mawe bure, wakati kazi hiyo hiyo kwingine mjini ina mkandarasi anayelipwa.

Halafu kuna wapangaji, ambao hawatajwi kabisa. Mikutano ya mtaa hugeuka kuwa ya wenye nyumba. Mtaa ukipata ngazi, taa na maji, kodi inapanda, na mpangaji aliyesomba mchanga pamoja na wenzake anafungasha virago na kuhamia juu zaidi, ambako hakuna ngazi wala maji. Suala la kodi lizungumzwe na kuandikwa kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujashushwa.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa msingi huo naiomba Halmashauri ya Jiji, pamoja na wenzao wa Manispaa ya Ilemela, katika bajeti ijayo watenge fungu la vifaa kwa mitaa iliyo tayari kujenga ngazi na mifereji yake. Waupe kila mtaa mhandisi atakayeupanda mlima na wakazi kwanza. Mchoro wake upitishwe na mkutano wa mtaa, wapangaji wakiwemo, na gharama zote zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtendaji. Kokoto tunazo, na wa kuzibeba wapo.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza