Mama, nyumba ya Kisauni sinunui

London

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo mama. Mimi mzima, alhamdulillah, ni baridi tu. Sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza yote, pamoja na maneno ya Ami ya kutaka ninunue nyumba ya Kisauni. Nimeona afadhali nikuandikie, kwa sababu kwenye simu yeye hunikata kabla sijamaliza.

Kwanza furahi: mchezo nimeupokea! Tumechangiana sisi wanawake wa Kimombasa wa huku mpaka zamu yangu imefika, na nikiongeza akiba yangu sina haja ya benki wala ya kulipa riba hata senti. Waliotangulia kuja bado wanalipia magari, na binti yako anatafuta ardhi. Mwambie na Khala, maana ndiye aliyesema nimekuja huku kuosha wazee wa watu bure.

Sasa hiyo nyumba ya Kisauni. Ami anasema ni rahisi, vyumba sita vimejaa wapangaji, nitaanza kula kodi mwezi wa kwanza. Yote nayaamini. Lakini nilipomwuliza ardhi ni ya nani, alinijibu, "Ardhi si shida, ni kulipa kodi ya kiwanja tu." Mama, hiyo si nyumba bila ardhi? Ya Bibi pale Majengo ilikuwa hivyo hivyo! Nakikumbuka kile kitabu chake cha risiti, amekifunga kwa kipande cha leso na kukilaza chini ya godoro, hakuna mwezi aliolala na deni. Kuta zake, bati lake, choo alichokijenga kwa pesa za mahamri. Mwenye ardhi alipofariki warithi wakauza, na risiti zote zile hazikumpa hata pa kuweka kitanda. Mlipewa kifuta jasho mkaambiwa mhame. Ami mwenyewe alibeba makabati siku ile, sijui amesahau vipi. Bei ya Kisauni ni ndogo kwa kuwa kinachouzwa ni kuta.

Lililoniuma zaidi ni Ami kutaka hati iandikwe jina lake, ati mimi mtu wa nje. Kitambulisho changu cha Kenya ninacho na uraia sijaukana. Hata mgeni kabisa Katiba ya 2010 yamruhusu kukodi ardhi hadi miaka 99, sembuse mimi mwana wa Majengo! Jina litakuwa langu, na la pili likiwepo litakuwa lako.

Mimi nataka kiwanja kidogo chenye hati, Utange au Mtwapa ya ndani, nianze na vyumba vitatu vya kupangisha. Kodi yake haitafika shilingi 288,000 kwa mwaka, ambapo KRA, watoza ushuru wa serikali, huanza kudai ile asilimia 7.5 ya kila mwezi. Dalali asipewe hata pesa ya chai mpaka atoe namba ya ploti. Mwanaisha aende nayo ofisi ya ardhi wamfanyie sachi, aone jina la mwenyewe na kama pana deni la benki au zuio la mahakama. Ikiwa ni mali ya marehemu, nataka karatasi za mirathi zenye warithi wote, si kaka mkubwa peke yake. Mke wa muuzaji naye aweke sahihi. Kisha saveya aende uwanjani, kwa sababu hati yaweza kuwa safi na ardhi ikawa imekaliwa na watu. Ya shamba la Waitiki kule Likoni, mwenye hati akashindwa na maskwota waliolikalia, sote twayajua. Na wakiniambia bei, wasisahau ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na pesa za wakili.

Nikitoka zamu ya usiku napita mitaa mizima sijasalimiwa na mtu. Baraza letu nalitamani, mama, na kelele za watoto wa jirani pia.

Nimetuma M-Pesa mbili: moja ya sachi na nauli ya Mwanaisha, moja ya dawa zako. Usizichanganye, na Ami akiomba hizo za dawa, mwambie nimekataza mimi. Yake ya Idd itakuja wakati wake, haki yake siikatai. Mwanaisha anipigie picha ya kila bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, namba zisomeke.

Mwanao akupendaye,
Zuhura