Kwa Nini Tunalifunika Jicho Lako Zima

Mwanangu kipenzi,

Asalaam alaykum. Bibi kanipigia simu kuwa hutaki tena kuvaa kile kiraka. Kwanza kwa sababu watoto wanakuita chongo, na hilo nimeshazungumza na mwalimu wako. Pili kwa sababu huoni maana yake: jicho la kulia ndilo linaloona vizuri, iweje tulifunike hilo tuliache lile bovu? Umeuliza la haki, na kukwambia tu "daktari kasema" si jibu. Basi soma mwenyewe polepole, pale pagumu Bibi atakusaidia.

Jicho lako la kushoto si bovu. Daktari alilichungulia hadi ndani, halina mtoto wa jicho wala kovu. Tatizo lako limo ubongoni.

Kazi ya jicho ni kupokea mwanga. Mwanga unapita kwenye mboni, lenzi inaukusanya, unaangukia kwenye utando wa nyuma uitwao retina, na hapo inatokea picha ndogo iliyolala bapa, kichwa chini miguu juu. Picha ile haina mbali wala karibu. Habari zake zinasafiri kwa mishipa ya fahamu mpaka sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, na huko ndiko zinakofasiriwa. Wengi wa watu wa kale waliamini kuwa jicho linatoa miale ikaenda kugusa vitu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufia Kairo, ndiye aliyeonesha, miaka 1,000 hivi iliyopita, katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, kuwa mwanga ndio unaoingia jichoni. Akaeleza pia kwamba umbali wa kitu akili inauhukumu. Napenda umjue mtu huyu, maana kila ninachokuandikia hapa kimo katika njia aliyoifungua.

Sasa uchukulie ubongo wako kuwa ni kadhi, na macho yako ni mashahidi wawili. Weka kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, kisha fumbua hilo ufumbe la pili. Kidole kinaruka, sivyo? Macho yameachana kwa sentimita 5 au 6 tu, lakini kila moja linatoa ushahidi kutoka pale lilipokaa. Kitu kikiwa karibu, maelezo yao yanatofautiana sana. Kikiwa mbali yanakaribia kulingana. Kadhi hakasiriki kwa tofauti hiyo. Anaipima, na kwayo anajua kitu kiko umbali gani. Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alilithibitisha hili kwa vioo na michoro miwili iliyotofautiana kidogo, kila jicho likapewa wake. Watu wakatazama karatasi bapa wakaona kitu chenye kina.

Jicho lako la kushoto tangu udogoni lilihitaji lenzi yenye nguvu kuliko la kulia, na hatukujua, kwa kuwa la kulia lilikutosheleza. Likawa linapeleka picha yenye ukungu. Kadhi akachoka na shahidi anayesema maneno yasiyosikika, akazoea kuhukumu kwa shahidi mmoja. Miwani inamrudishia yule wa kushoto sauti. Lakini mazoea hayaondoki kwa miwani peke yake, ndiyo maana kwa masaa mawili kila siku tunamnyamazisha wa kulia, ili kadhi asiwe na mwengine wa kumsikiliza.

Na kwa nini sasa, usingoje ukue? Wanasayansi wawili wa ubongo, David Hubel na Torsten Wiesel, kule Marekani, waliwafunga watoto wa paka jicho moja tangu wadogo. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini seli nyingi za ubongo hazikuliitika tena. Paka wakubwa walipofanyiwa vivyo hivyo, hawakudhurika namna ile. Nawaonea huruma wale paka. Ila kwa kazi ile, iliyowapatia tuzo ya Nobel mwaka 1981, madaktari walielewa kwamba utotoni ndipo ubongo unapogawa nafasi kwa kila jicho. Wako bado unabadilika kwa wepesi. Ukishakuwa mkubwa itakuwa kazi ngumu zaidi.

Usiogope kuwa ukivaa kiraka hutajua mbali na karibu kabisa. Ukiwa bandarini Wete utaona ngalawa iliyokingwa na mashua, basi iko nyuma yake. Kisiwa cha mbali kinafifia na kuelekea buluu. Ukisogeza kichwa kulia na kushoto, vya karibu vinahama upesi kuliko vya mbali. Hayo yote jicho moja linayaweza. Linaposhindwa ni kwenye vitu vidogo vya karibu. Mwambie Bibi afumbe jicho moja kisha atunge uzi kwenye sindano yake ya kofia. Fundi mzima wa viua, lakini uzi utapita pembeni. Kwa hiyo masaa yale ya kiraka kaa mbali na seredani, shuka ngazi kwa kushika ukuta, na chai amimine Bibi. Wewe soma, chora, chambua mchele. Kazi kama hizo zinalipa jicho la kushoto mazoezi.

Mwezi ujao nakuja Pemba tukupeleke ukapimwe. Pengine daktari atakuvisha miwani maalumu, akuoneshe picha ya nzi mkubwa na kukwambia umshike mabawa. Mwenye kuona kina humwona nzi ameinuka juu ya karatasi. Usitafute jibu la kumfurahisha daktari wala la kunifurahisha mimi. Ukimwona amelala bapa, sema amelala bapa, tutaendelea na kiraka.

Msalimie Bibi. Kiraka uvae leo baada ya chuo.

Mama yako